Treni Isiyosafiri

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Inspekta Aoko aliuliza swali lile lile kwenye simu, na kwa mara ya tatu akajibiwa maneno yale yale.

"Treni ya saa kumi na mbili haikusafiri, Inspekta. Jumanne, kutoka Dandora. Haikusafiri."

"Na ya saa moja?"

"Ilisafiri. Ilifika kwa wakati."

"Bwana Maingi, nina mtu anayesema alipanda hiyo ya saa kumi na mbili."

"Watu husema, Inspekta. Sisi hupima."

Simu ikakatika. Aoko aliurudisha mkono wa simu mahali pake polepole, kama mtu anayejizuia asiuvunje. Kando ya dirisha, Konstebo Dirie alikuwa akinywa chai ya rangi huku akimtazama.

"Amesemaje, Afande?"

"Amesema wao hupima."

"Basi tumeshindwa. Sisi tuna macho tu."

Aoko hakucheka. Ilikuwa Ijumaa. Mkuu wa kituo alikuwa ameagiza kwamba ifikapo saa nane mchana Mutisya Mbaluka, mchonga vinyago wa Dandora, awe mahakamani kusomewa shtaka la kuua. Kwa shtaka hilo hakuna dhamana. Mtu huingia rumande, na kesi ikitajwa leo hutajwa tena baada ya mvua mbili.

Aliyeuawa alikuwa Githinji, muuza magogo na mbao wa Shauri Moyo. Jumanne mlinzi wake alitoka saa moja kasorobo asubuhi kwenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Aliporudi saa moja na robo alimkuta tajiri wake amelala kifudifudi katikati ya mbao, amepigwa kisogoni kwa kipande cha mninga. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kufuli haikuvunjwa. Ama Githinji mwenyewe alimfungulia mtu, ama mtu alikuwa na ufunguo.

Watu wawili walikuwa wametajwa. Wa kwanza alikuwa Mutisya. Jumamosi iliyotangulia alisimama mbele ya duka akashika gogo la muhugu lililooza ndani, akamwambia Githinji mbele ya wanunuzi kwamba atazikwa kwa jeneza la mbao kama hizo. Wa pili alikuwa Gichuru, mshirika wa Githinji katika biashara, mkazi wa Donholm. Yeye alikuwa na ufunguo wa pili.

Wote wawili walisema kwamba saa ile Githinji alipouawa wao walikuwa Dandora, kwenye treni. Gichuru alisema ni treni ya saa moja. Alikuwa amelala kwenye ploti yake inayojengwa, akichunga saruji. Kampuni ya Treni za Mitaa ikasema ndiyo, treni hiyo ilisafiri, tena kwa wakati. Gichuru akapewa pole na kikombe cha chai, akaenda kuandaa mazishi.

Mutisya alisema alipanda treni ya maombi. Dandora nzima inajua treni ya maombi ni ipi. Ni ile ya saa kumi na mbili, ambayo akina mama wanaouza nguo soko la Gikomba huimba na kusali ndani yake katika behewa la tatu kutoka wanapokaa mpaka wanaposhuka. Abiria wake wamekwisha kusahau kwamba kwenye ratiba ina jina jingine. Kampuni ikasema haikusafiri. Mutisya akafungwa pingu.

"Mlete," Aoko alisema.

Mutisya aliletwa akiwa hana mshipi wala kamba za viatu. Vumbi la mti lilikuwa bado kwenye nyusi zake, kana kwamba hata korokoroni alikuwa akichonga.

"Niambie tena kuhusu Jumanne. Usiniambie ulichomwambia Koplo aliyekuhoji. Niambie mimi."

"Ni yale yale, mama. Usiku wote nilichonga twiga wa mteja. Asubuhi nikaenda stesheni, nikapanda, nikakaa behewa la maombi. Wakaanza kuimba. Nikalala."

"Ukaamka wapi?"

"Mjini. Tulikuwa tunaingia. Saa ya stesheni ilikuwa inakaribia saa mbili. Nikashangaa kidogo."

"Treni hiyo hufika mjini kabla ya saa moja."

"Ndiyo maana nikashangaa."

"Hukuona chochote njiani?"

"Nililala, mama. Koplo alicheka. Nilimwambia nililala wakiimba wimbo wao wa kwanza, nikaamka wakiimba ule ule. Akasema basi ulilala dakika tatu."

Aoko aliinua kichwa. "Wimbo ule ule?"

"Ule ule. Wana wimbo wao wa kuanzia. Hawauimbi mahali pengine."

Dirie alipotoka kumrudisha Mutisya korokoroni, alimkuta Aoko amekwisha kuchukua mkoba.

"Tunaenda Gikomba," Aoko alisema.

"Afande, gari lina petroli ya kwenda na kurudi. Si ya kwenda, kurudi, na kwenda tena."

"Basi tutakwenda kwa miguu. Gikomba si Mombasa."

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Kavata, mke wa Mutisya, na kiondo mapajani. Ndani ya kiondo kulikuwa na muthokoi wa mahindi na maharagwe ambao askari wa zamu alikuwa amekataa kuupokea kwa siku tatu, na kila siku ulikuwa mpya. Alisimama Aoko alipotokea.

"Mama, ni kweli ni leo?"

"Saa nane."

"Nimletee shati safi? Kwa mahakama?"

Aoko alikitazama kiondo. "Kaa hapa," alisema. "Usiende kuleta shati."

*

Soko lilikuwa limekwisha kuchangamka. Mikokoteni ilipita kati ya marobota ya nguo kuukuu, na wasukumaji walipiga miluzi kwa mtu yeyote aliyekuwa mbele yao, awe askari au mbuzi.

"Niaje, afande. Toa mguu, gari haina breki," mmoja alimwambia Dirie, na Dirie akautoa.

Walielekezwa mara nne, na mara tatu walielekezwa vibaya. Mwishowe walimpata Kezia, kiongozi wa waimbaji wa behewa la tatu, nyuma ya cherehani, akipunguza suruali ya mtu ambaye alikuwa amesimama kando akiwa amejifunga shuka. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na pini nne zilikuwa zimebanwa midomoni mwake.

"Mama Kezia, Jumanne treni ya maombi ilisafiri?"

Kezia alitoa pini moja moja kabla ya kujibu. "Kwani tuliombea wapi? Juu ya mti?"

"Kampuni inasema haikusafiri."

"Kampuni haikuwa ndani."

"Ilikuwaje?"

"Tuliingia kama kawaida, kabla ya saa kumi na mbili. Ile treni hulala Dandora, kwa hivyo unaikuta pale pale. Tukakaa. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Taa zikazima. Dereva akashuka, akapanda, akashuka. Sisi tukaanza kuimba."

"Mkaimba mpaka saa ngapi?"

"Mimi sina saa, dada. Mimi nina nyimbo. Dandora mpaka mjini ni nyimbo saba na sala moja. Jumanne tuliimba saba, hatujaondoka. Tukaimba za Krismasi. Tukaimba za matanga. Tukaimba zile za watoto wa shule ya Jumapili. Zikaisha zote tunazozijua. Tukarudi kwa ile ya kwanza."

Mwenye suruali aliguna. Aoko alimwashiria anyamaze.

"Mlirudi ya kwanza mkiwa wapi?"

"Karibu na mjini. Treni ilikuwa imekubali kwenda. Lakini ilikubali wakati watu wa saa moja wamekwisha kuja, wametukuta pale pale, wakaingia wote juu yetu. Hata juu ya paa walikuwako. Kijana mmoja akapiga bati la behewa kwa ngumi, akasema, akina mama, mnaiombea ipone au ife?"

"Na mchonga vinyago, unamjua?"

"Yule Mkamba wa twiga? Alinilalia bega tangu mwanzo mpaka mwisho. Leso yangu alinitilia mate. Muulize kama ataninunulia nyingine."

"Anashtakiwa kwa kuua mtu Shauri Moyo saa ile ile."

Kezia aliacha kukanyaga cherehani. "Kwa mguu gani? Alikuwa amelala."

"Mbona hukuja kituoni kusema?"

"Nani aliniuliza? Mimi nilijua ameacha kuja kwa sababu ya aibu ya leso."

Wakiwa njiani kurudi barabarani, Dirie alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Aoko hakuwa nayo.

"Afande, si tumempata shahidi?"

"Tumempata. Sasa jifanye wewe ni mkuu wa kituo."

Dirie alifikiri kidogo, akakunja uso. "Inspekta, akina mama wa maombi wataombea hata mwizi. Kampuni yenye ofisi imesema haikusafiri."

"Haya. Na ndivyo atakavyosema wakili wa serikali." Aoko alitazama saa yake. "Twende kwa wanaopima."

*

Ofisi ya Takwimu ya Kampuni ya Treni za Mitaa ilikuwa kwenye ghorofa ya pili ya jengo jipya mjini, na ngazi zake zilikuwa zimepakwa nta kiasi kwamba Dirie alipanda akishika ukuta. Maingi alikuwa kijana nadhifu wa tai ya buluu. Nyuma yake ukutani ulitundikwa mchoro wa mstari uliopanda kama mlima, na juu yake maandishi makubwa: ASILIMIA TISINI NA SABA KWA WAKATI.

"Inspekta, nilikwisha kukueleza kwa simu."

"Nieleze tena, ana kwa ana. Treni huwa imechelewa lini?"

Swali lilimpendeza. Alivuta kiti mbele. "Inapofika zaidi ya dakika kumi baada ya ratiba. Tunapima mwisho wa safari, injini inapopita nguzo ya ishara nje ya stesheni ya mjini."

"Na ikikaa Dandora saa nzima bila kuondoka?"

"Dandora si mwisho wa safari."

"Nikiwa ndani yake, saa nzima, Dandora. Nimechelewa?"

"Wewe umechelewa, Inspekta. Treni bado."

Dirie alikohoa. Maingi akamsukumia glasi ya maji kwa ukarimu.

"Na treni isiyofika kabisa?" Aoko aliuliza.

"Hiyo haijachelewa. Huwezi kuchelewa kufika mahali ambapo hukufika."

"Basi imefutwa."

"La. Kufutwa ni pale abiria wanapoachwa. Abiria wakichukuliwa na treni inayofuata, hakuna aliyeachwa. Ile ya kwanza inahesabiwa kuwa haikusafiri."

"Kutosafiri si kufutwa?"

"Ni mambo mawili tofauti. Kufutwa kunapunguza asilimia."

Aoko alivua kofia yake akaiweka mezani, juu ya karatasi za Maingi. Maingi aliitazama kofia.

"Bwana Maingi, nitakuuliza maswali madogo. Jumatatu usiku, mabehewa ya treni ya saa kumi na mbili yalilala wapi?"

"Dandora. Hulala huko kila siku, ili yawe tayari alfajiri."

"Na Jumanne jioni yalikuwa wapi?"

"Hapa mjini, karakana. Injini ilikuwa na tatizo la breki."

"Yalifikaje mjini?"

Maingi alisogeza kalamu yake. "Yaliletwa."

"Na nini? Punda?"

"Na injini yake, ilipokubali."

"Ilikubali saa ngapi?"

"Saa moja."

"Yakiwa na watu ndani."

"Yakiwa na abiria, ndiyo."

"Kwa hivyo treni ya saa kumi na mbili iliondoka Dandora saa moja."

"Hapana." Maingi alitabasamu, tabasamu la mwalimu mbele ya mtoto mzito. "Treni iliyoondoka saa moja ni treni ya saa moja. Ndiyo maana inaitwa hivyo. Treni ikichelewa mpaka ikafikia wakati wa ile inayofuata, inachukua nafasi yake. Inaondoka kwa wakati, inafika kwa wakati. Ni utaratibu safi kabisa, na hakuna anayepoteza kitu."

"Na treni ya saa moja yenyewe? Kila siku hutoka wapi?"

"Hutoka hapa mjini ikiwa tupu, inakwenda Dandora, inageuza, inachukua watu."

"Jumanne ilikwenda?"

"Haikuwa na haja. Njia ya Dandora ilikuwa imezibwa na ile nyingine. Ilibaki karakana."

"Kwa hivyo iliyobaki karakana ni ya saa moja."

"Ndiyo."

"Na iliyosafiri ni ya saa moja."

"Ndiyo, Inspekta. Ilifika kwa wakati."

"Na watu walioingia kabla ya saa kumi na mbili, wakakaa gizani saa nzima, wakafika mjini karibu saa mbili, hao walisafiri na treni gani?"

"Ya saa moja," alisema Maingi. "Walikuja mapema."

Dirie alisimama. "Afande, naomba nikasubiri kwenye ngazi kabla sijakosa adabu."

"Kaa." Aoko alikuwa bado akimtazama Maingi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bwana Maingi, kuna mtu amefungwa siku tatu kwa sababu ulisema haikusafiri. Mke wake amekaa nje kwenye benchi na chakula. Saa nane anashtakiwa kwa kuua."

Kwa mara ya kwanza tabasamu la Maingi lilipotea. Aligusa tai yake. "Mimi sikuulizwa habari za mtu. Niliulizwa habari za treni."

"Ni kweli. Hilo ni kosa letu." Aoko alivuta simu iliyokuwa mezani, akazungusha namba, akangoja. "Mkuu? Ni Aoko. Niko kwenye kampuni ya treni. Bwana Maingi anataka kukueleza jambo. Hapana, yeye mwenyewe. Yule anayepima." Akamnyoshea Maingi mkono wa simu. "Mwambie ni mabehewa gani yaliyoondoka Dandora saa moja. Usimwambie asilimia. Mabehewa tu."

Maingi aliupokea kwa vidole viwili. "Bwana mkuu... Ndiyo. Mabehewa yaliyoondoka saa moja yalikuwa yale ya saa kumi na mbili. Yalikuwa stesheni tangu usiku. Hayakusogea mpaka saa moja. Ndiyo, bwana. Hapana, bwana. Hapana, haikuchelewa."

Hata Dirie alisikia sauti ya mkuu ikitoka kwenye simu. Maingi aliiweka mbali kidogo na sikio, kisha akamrudishia Aoko.

"Amekubali kungoja," Aoko alisema alipokata. "Lakini anataka mtu wa kuweka mahali pa Mutisya. Swali la mwisho. Matokeo haya ya kila siku, watu wa nje huyaonaje?"

"Tunayaandika kwenye ubao, kila stesheni, kila jioni. Abiria wana haki ya kujua."

"Jumanne jioni ubao ulisema nini?"

"Ya saa kumi na mbili, haikusafiri. Ya saa moja, kwa wakati."

Aoko alivaa kofia yake. "Hakuna kingine?"

"Kuna kingine gani?" Maingi aliuliza, na alikuwa akiuliza kweli.

*

Duka la mbao la Shauri Moyo lilikuwa limefunguliwa nusu. Gichuru alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cheusi kimeshonwa kwenye mkono wa koti, akimwelekeza fundi jinsi ya kupiga randa mbao za jeneza. Alipowaona aliwakaribisha ndani kwa heshima.

"Pole tena kwa msiba, Bwana Gichuru."

"Asante, madamu. Ni kazi ya Mungu. Nasikia leo yule kijana anakwenda kortini."

"Saa nane. Ndiyo maana nimekuja. Wakili wa serikali anataka kila mtu aeleze tena alikuwa wapi, asije akabanwa mbele ya jaji. Ni kawaida tu."

"Hamna shida." Gichuru aliegemea rundo la mbao. "Nililala kwenye ploti, Dandora. Saruji ukiiacha peke yake kule, asubuhi unakuta imeota miguu. Asubuhi nikaenda stesheni, nikapanda treni ya saa moja. Nilifika mjini kwa wakati. Mnaweza kuwauliza kampuni."

"Tumewauliza. Wanasema hivyo hivyo."

"Basi."

"Nataka tu niione vizuri, ili akiniuliza nimjibu. Uliingoja sana?"

"Dakika tano hivi. Ile treni haichelewi. Ikatokea upande wa mjini, tupu, ikaingia, ikageuza injini. Tukapanda."

"Ulikaa?"

"Dirishani. Nilisoma gazeti mpaka mjini."

"Hukusumbuliwa na wale waimbaji?"

Gichuru alitabasamu kidogo. "Hao ni wa saa kumi na mbili, madamu. Siku hiyo yao haikusafiri, nadhani walikwenda kwa barabara. Kulikuwa kimya. Mtu angeweza hata kusinzia."

Nje, fundi alikuwa akipiga randa. Aoko alisubiri mpaka randa ilipofika mwisho wa ubao.

"Ulijuaje kwamba yao haikusafiri?"

"Si... iliandikwa. Ubaoni."

"Iliandikwa jioni. Wewe unasema ulikuwa pale asubuhi. Mtu aliyekuwa stesheni ya Dandora asubuhi ile hakuhitaji ubao. Treni ya maombi ilikuwa pale mbele yake, imejaa, taa zimezima. Ilikuwa imesimama hapo tangu usiku, kwenye reli ile ile. Hakuna treni tupu iliyotokea mjini, Bwana Gichuru. Ilibaki karakana. Watu wa saa moja waliingia juu ya watu wa saa kumi na mbili, wengine wakapanda paa, na akina mama wakaimba mpaka nyimbo zikawaishia. Gazeti hukuweza kulikunjua. Hukuweza hata kuinua mkono ukajikuna."

Gichuru alitazama mlango, kisha akamtazama Dirie aliyekuwa amesimama mbele ya mlango huo.

"Pengine nimechanganya siku," alisema.

"Hujachanganya. Umenieleza treni ya saa moja inavyokuja kila siku ya Mungu, umeieleza vizuri kuliko ratiba yenyewe. Jumanne tu ndiyo haikuja hivyo, na Jumanne hukuwako." Alinyosha mkono. "Ufunguo wa mlango wa nyuma."

"Madamu, mimi ndiye ninayemzika."

"Ninaona. Fundi ataendelea. Ufunguo."

Gichuru aliingiza mkono kwenye koti. Ulikaa humo kitambo, kana kwamba mfuko ulikuwa umeongezeka urefu, kisha ukatoka na ufunguo mmoja uliofungwa uzi mwekundu. Alimpa Dirie, si Aoko.

"Alitaka kuleta mshirika mwingine," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka kumi na moja, halafu analeta mtu mwingine."

"Utatueleza kituoni," Dirie alisema. "Tembea taratibu, kuna mikokoteni."

*

Saa nane ilikuwa bado haijafika, lakini gari la mahakama lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mutisya alikuwa uani, pingu mikononi, akisukumwa kuelekea mlango wa nyuma wa gari. Kavata alikuwa amesimama kando, kiondo kifuani. Hakulia. Alikuwa akijaribu kumpangusa mumewe vumbi la nyusi kwa mkono mmoja huku askari akimwambia arudi nyuma.

"Huyo anabaki," Aoko alisema. "Mkuu anajua. Mfungue."

"Nimeambiwa mtu mmoja, Afande. Nikienda na gari tupu wataniuliza."

"Hutaenda tupu. Utampeleka yule aliyeshikwa na Dirie. Lakini si leo, huyo kwanza ataandika maelezo. Zima gari."

Askari alizima gari huku akinung'unika kuhusu watu wasiojua wanataka nini. Pingu zilifunguka kwa shida, kwa sababu zilikuwa na kutu. Mutisya alisugua vifundo vya mikono, akamtazama Gichuru akipitishwa mbele yake, kisha akamgeukia Aoko.

"Kwa hivyo wamekubali kwamba ilisafiri?"

"Kampuni?" Aoko alishusha pumzi. "Hapana. Bado wanasema haikusafiri."

"Lakini nilikuwa ndani."

"Ulikuwa ndani ya treni ya saa moja. Ulikuja mapema."

Mutisya alifikiri juu ya jambo hilo kwa uaminifu, akashindwa. Kavata alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, amefungua kiondo, anampakulia muthokoi mbele ya askari wa zamu, ambaye safari hii alitazama upande mwingine.

"Kuna mama mmoja Gikomba," Aoko alimwambia Mutisya, "anakudai leso."

Mutisya aliinamisha kichwa, aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikula amesimama, haraka, kijiko hakipumziki. Alipomaliza, Kavata aliufunga mfuniko, akajitwika kiondo begani, akaangalia jua.

Dirie alitokeza kichwa dirishani. "Mama, mkikimbia mtaipata treni ya mchana ya kwenda Dandora. Kampuni inasema ni kwa wakati, asilimia tisini na saba."

Kavata alimtazama kwa muda, kisha akamtazama mumewe.

"Tutatembea," alisema.